Marinda

Walizima kiyoyozi saa nne asubuhi,
Ibra, mwezi wa Juni, ukumbi wa skuli,
kwa sababu pumzi yake ilitosha kukiinua
kile walichokitandaza sakafuni.
Rayya, binti wa ndugu yangu, akanambia:
Shangazi, hili ni tanga.

Nikalitazama. Jembamba kuliko ganda la kitunguu,
linang'aa kama sinia iliyosuguliwa kwa majivu,
na ndani yake mwanamke mnene wa miaka sitini na tatu
kavaa soksi juu ya viatu na glavu za daktari.
"Na upepo wake?"
"Jua."

Jua!
Mji mzima tumejifungia kwa ajili yake.
Saa sita u nusu wajenzi hushushwa kwa amri ya serikali,
bomba la maji baridi linatoa maji ya chai,
usukani unashikwa kwa kitambaa,
na hawa watoto wanataka liwasukume.

Hakubishana. Alitoa mfukoni punje moja ya mchele
(alikuja nayo, alijua nitauliza)
akaniwekea kiganjani.
"Jua likilipiga tanga lote hili, nguvu yake ndiyo hii."
Nilicheka mpaka miwani ikaniteleza puani.
"Lakini huko juu hakuna cha kulizuia, Shangazi,
na punje haikatiki, usiku hakuna.
Siku moja, mwendo wa baiskeli.
Mwezi, mwendo wa ndege.
Mwaka, Maskati mpaka Unguja kabla wali haujaiva.
Bila tone la mafuta."

Nikanyamaza.
Njia hiyo hiyo, akija huku,
mama yangu alitapika siku tisa.

Shida yao ilikuwa kukunja.
Tanga la ukubwa wa sebule
liingie kasha la ukubwa wa mkate,
kisha litoke peke yake, pasipo mkono wa mtu.
Mara tatu wamelikunja, mara tatu pembe imechanika.
Wahandisi wanne, kompyuta mbili,
ndipo Rayya akamkumbuka fundi wa sare za skuli.

"Ila sindano usiguse."
Mimi niliyekula kwa sindano miaka arubaini,
niliyezitoboa kofia za wanaume wa Sharkiya
vishimo elfu elfu ili vichwa vipumue,
naambiwa kishimo kimoja huzaa mpasuko,
na mpasuko ukianza hausikii la mtu.

Haya. Nikapiga magoti.
Rinda halibanwi, niliwaambia.
Rinda huonyeshwa pa kwenda, kisha huachwa.
Moja mbele, moja nyuma,
midomo yote itazame kibla kimoja,
kutoka pande mbili kuja kati,
na wewe, Muadh, usivute, shika tu,
shika kama unashika mkono wa mgonjwa.
Jasho tulifutia mabegani
lisidondoke.

Saa saba kasoro wakabonyeza kitufe.
Vijiti vinne vikaanza kutoka, taratibu, kama pembe za konokono.
Pembe ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.
Ya nne ikasita.
Rayya kajishika shingo.
Halafu ikaja, kwa sauti ya karatasi ya biskuti,
na tanga likalala zima, limejaa taa za dari.
Hakuna aliyepiga makofi.
Makofi ni upepo.

Nje, uwanja wa magari haukuwa na hata paka.
Wenzangu walikimbilia kivulini.
Mimi nilibaki kidogo pale katikati,
nikavua glavu, nikanyoosha kiganja juani,
nikangoja kusukumwa.

Sikusikia kitu.
Nilisikia joto, kisha njaa.
Punje yao bado ilikuwa mfukoni mwangu;
sikuitia chunguni.
Sare za watu wa Ijumaa zilikuwa zinaningoja,
marinda ishirini na nne kila sketi,
na jioni ile, kwa mara ya kwanza,
niliyakunja nikijiuliza yatafunguka wapi.